Daftari la Jumatatu

Mimi ndiye niliyeliandika.
Kwaya nne, jalada gumu,
kalamu imefungwa uzi kwenye msumari
maana wenye shida nao huiba.
Tarehe, jina, mtaa, shida.
Safu ya tano niliipigia mstari mwekundu: Majibu.

Kabla ya uheshimiwa, Mwarami Chambuso alisoma mita za maji.
Aliijua Mburahati geti kwa geti,
mbwa yupi hubweka tu na yupi hung'ata,
nani anadaiwa miezi saba,
nani kajiunganishia bomba usiku.
Hakumchongea mtu.
Kampeni yake yote ilikuwa hiyo.
Siku ya kura watu wakasema:
huyu anatujua hadi madeni, na hajatutangaza.

Muhula wa kwanza alinitangulia ofisini.
Saa moja kasorobo namkuta kwenye benchi la wageni,
shati la mikono mifupi, daftari magotini,
kidole kinashuka mstari kwa mstari
kama bado anatafuta mita inayovuja.
Ada ya Zulfa, kidato cha tatu.
Sanda.
Sanda tena.
Mkongojo wa mzee Mbonde.
Mchumba wa binti Tausi kaingia mitini, Mheshimiwa aongee naye.
Na karavati.

Karavati la mfereji ule nyuma ya soko.
Masika yakianza, watoto wa shule huvushwa mgongoni,
mia mbili kichwa,
mia tatu ukiwa na begi.

Akaliuliza bungeni, swali la nyongeza.
Tulizima mashine ya kusaga tusikie redio.
Sauti yake ilitoka kama bomba
maji yanaporudi baada ya wiki mbili:
hewa kwanza,
halafu kutu,
halafu maji.
Naibu Waziri akasema Serikali itajenga
kadiri bajeti itakavyoruhusu.
Tukapiga vigelegele.
Tulidhani lile ni jibu; nikaliandika safu ya tano, kwa wino.

Muhula wa pili likaja gari.
Jumatatu ikawa Jumatatu ya mwisho wa mwezi,
kisha ikawa "mwambie nitampigia."
Sauti haikukwama tena, ilitoka maji matupu.
Wakampa kamati, kamati ikampa safari,
safari ikamrudisha na koti zito la baridi
lisilo na kazi katika joto la Dar es Salaam.
Akaliacha kwenye msumari wa mlangoni.
Wageni wenye macho mabovu walikuwa wakiliamkia.

Simsemi kwa ubaya. Sanda zote alilipa.
Zulfa ni nesi sasa, Temeke, wodi ya wazazi.
Yapo mengine niliyoyaona nikafunua ukurasa,
nami nilikuwa nakula pale pale.

Kura za maoni zilipigwa darasani, feni moja, wajumbe mia tatu.
Kijana wa watu, Gervas, mwenye kampuni ya vifusi,
alimpita kwa kura kumi na moja.
Chambuso alimpa mkono.
Kisha akaja ofisini kuchukua vyake,
akalivaa lile koti, akafunga vifungo vyote,
akatoka nalo juani.

Mimi sikuondoka. Daftari halina chama.

Jumatatu moja ya Aprili, matope mpaka mlangoni,
nafika saa moja kasorobo:
benchini kuna mtu, shati la mikono mifupi,
suruali imekunjwa hadi magotini, imelowa.
Akaomba kalamu.
Uzi ulikuwa mfupi, ikabidi ainame.
Tarehe. Mwarami Chambuso. Mtaa wa soko.
Karavati.

Akatazama safu ya tano kwa muda mrefu,
akaniuliza Mheshimiwa huja saa ngapi.
Nikamwambia: wewe ni wa tisa.

"Haya," akasema,
akasogea, mama mwenye mtoto akapata pa kukaa.